Daftari la Waliookoka

Ndugu msomaji, makala haya nimeyaandika nikiwa na hasira. Ni vizuri ulijue jambo hilo mapema, ili unisamehe pale utakapoona nimezidisha.

Mwaka 2023, Jumapili moja baada ya ibada, walifika nyumbani kwangu wageni watatu: mwinjilisti kijana na kinamama wawili wa kikundi cha maombi. Walikuja kumwona mke wangu. Mke wangu ni mgonjwa, lakini si mgonjwa wa kulala kitandani. Anatembea, anakula, anaota jua barazani. Ugonjwa wake ni wa kusahau. Ulianza mwaka 2018 kwa kusahau funguo na chumvi, ukaendelea kwa kusahau majina ya wajukuu, na siku hizi kuna asubuhi huniuliza mimi ni nani na nimekuja kumtafuta nani. Nikimjibu kwamba mimi ni mumewe hucheka, kama mtu aliyesikia mzaha mzuri.

Wageni waliimba, wakasali, wakanywa chai. Kisha yule mwinjilisti akasogeza kigoda chake karibu na mke wangu, akamshika mkono, akamwuliza: "Bibi, ukifa leo usiku, una uhakika utakwenda wapi?"

Mke wangu alimtazama kwa muda mrefu. Akasema, "Sijui, baba. Mwulize Mwalimu." Mwalimu ndiye mimi. Jina hilo bado hajalisahau, ingawa si kila siku anajua ni la nani.

Kijana akatikisa kichwa kwa huzuni, akaanza kumwongoza sala ya toba, neno kwa neno, kama mtu ambaye hajapata kulisikia jina la Yesu. Mke wangu akawa anarudia neno la kwanza na kulipoteza la pili. Nikasimama, nikasema inatosha. Nilisema kwa ile sauti niliyokuwa nikiitumia mstarini asubuhi nilipokuwa mkuu wa chuo. Kinamama wakaokota kanga zao, chai ikabaki nusu vikombeni. Kwa sauti ile nimekwisha kuomba radhi. Kwa maneno yenyewe siombi radhi, na ndiyo maana naandika.

Jambo ambalo kijana yule hakulijua ni kwamba mke wangu alikuwa na tarehe. Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1972, saa kumi jioni, chini ya mparachichi nyuma ya kanisa, katika mkutano wa ndugu wa Uamsho. Ushuhuda huo aliutoa mbele yangu tangu uchumba wetu, kwenye misiba, kwenye harusi, na mara moja ndani ya basi lililoharibika njiani. Niliujua wote, pamoja na mahali ambapo angenyamaza kidogo ili afute machozi. Ningeweza kumpa kijana tarehe hiyo naye angeridhika, angefunga Biblia yake na kumalizia chai. Nilikataa kuitoa. Maana nilijiuliza: kama kuijua tarehe ndio uhakika wenyewe, basi siku hizi mwenye uhakika wa wokovu wa mke wangu ni mimi ninayeikumbuka, na yeye aliyeisahau amepotea. Imani gani hiyo, inayoweza kuliwa na ugonjwa pamoja na majina ya wajukuu?

Hata hivyo sina haki ya kumrushia jiwe mwinjilisti yule, kwa sababu mimi ni mmoja wa wazee waliomlea, kama si kwa mikono basi kwa mfano.

Mwaka 1976 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu ambacho sitakitaja. Mchana nilifundisha Hisabati, jioni nilikuwa mlezi wa wanachuo Wakristo. Mtu wa Hisabati hupenda majedwali. Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu, yale tunayoyaita kaunta, nikalipiga mistari ya safu nne: jina, tarehe ya kuokoka, mahali, shahidi. Mwanachuo aliyejaza safu zote nne alipewa zamu ya kuongoza maombi, kuhubiri mabwenini na kusafiri na kwaya. Asiyezijaza alikaa viti vya nyuma, nasi tulimwombea kwa jina lake, kwa sauti kubwa, naye akisikia.

Palikuwa na msichana mmoja wa mwaka wa pili, mpole, hodari kuliko wenzake wote katika mazoezi ya kufundisha. Watoto wa shule ya jirani walimfuata kama vifaranga. Bibi yake alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa kijijini kwao. Nilipomwuliza tarehe yake alifikiri kwa uaminifu kabisa, kisha akasema: "Mwalimu, sikumbuki siku ambayo sikumwamini Yesu."

Leo nikiikumbuka sentensi hiyo natamani kuvua viatu. Siku ile nilichukua kalamu ya wino mwekundu, nikaandika alama ya kuuliza mbele ya jina lake.

Alama hiyo ilikaa pale mihula miwili. Katika muhula wa tatu binti alikuja na tarehe. Alisimama mbele ya wenzake akaeleza usiku wa machozi, mzigo uliotua, amani iliyofuata. Tuliimba mpaka taa zikazimwa. Nikaiandika tarehe yake kwa wino wa buluu, nikaona nimevuna.

Ilipita miaka ishirini na kitu. Tukakutana katika semina ya walimu wakuu, maana naye sasa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Tulikumbushana mambo ya chuo: ugali wa yanga, maji ya kuteka bondeni, mkufunzi aliyekuwa akisinzia darasani kwake mwenyewe. Tulipokwisha kucheka akaniambia, bila uchungu wowote: "Ile tarehe nilikutungia, Mwalimu. Nilikuwa nimechoka kuombewa."

Hebu fikiri, msomaji. Nilimchukua binti aliyemwamini Mungu kama anavyovuta pumzi, nikamfundisha kusema uongo, na siku aliposema uongo ndiyo siku niliyompokea kuwa ndugu.

Daftari lile bado ninalo. Lina majina 143. Nimejaribu, kwa ile tabia yangu ya mahesabu, kulinganisha safu zake na maisha ya wale ninaowafahamu. Sijapata fomula. Yuko mmoja aliyekuwa na tarehe nzuri kuliko wote, mpaka dakika alizitaja. Alifungwa kwa kula fedha za chama cha ushirika. Wako wengine walioishi vizuri na kufa vizuri. Na viti vya nyuma, vile vya walioombewa kwa sauti, vimetoa wauguzi na walimu ambao ningefurahi wawafundishe wajukuu zangu.

Sasa mtu asinizushie kwamba napinga uhakika wa wokovu. La hasha. Naupenda kuliko wanavyoupenda wanaoulizia. Katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, mstari wa 13, mtume anaeleza kwa nini ameandika: anataka kuwaondolea waumini shaka juu ya uzima walio nao. Hakuandika ili wabaki wakibahatisha. Ugomvi wangu ni juu ya mahali tulipouweka uhakika huo. Mtume aliuweka kwa Mwana wa Mungu. Sisi tumeuweka katika kumbukumbu ya mtu, katika machozi yake, katika ufasaha wake wa kusimulia. Tumeutoa kwa Mwokozi tukamkabidhi mwokolewa autunze, kisha tunamshangaa anapotetemeka.

Mimi mwenyewe siku niliyozaliwa siijui. Mama alisema ilikuwa wakati wa senene, na kwetu Kagera senene wa msimu mkubwa ni Novemba. Nilipopelekwa shule mwalimu aliniambia nipitishe mkono wa kulia juu ya kichwa nishike sikio la kushoto. Nikalishika kwa shida, akaandika 1 Julai 1950, kwa sababu ambazo hakuzieleza. Nimeajiriwa kwa tarehe hiyo, nimestaafu kwa tarehe hiyo mwaka 2010, na pensheni naila kwa tarehe hiyo. Hakuna afisa wa utumishi aliyewahi kuniambia kwamba maadamu sikumbuki kuzaliwa kwangu, basi sijazaliwa. Alinitazama, akaona mtu anapumua mbele ya dirisha lake, akagonga mhuri. Bwana Yesu alipozungumza na Nikodemo juu ya kuzaliwa mara ya pili alichagua mfano ambao mzaliwa hana kumbukumbu nao hata kidogo. Anayekumbuka ni mama. Mtoto huambiwa, naye huamini kwa sababu anayemwambia ndiye aliyemzaa.

Najua swali hili la tarehe limetoka wapi, na sitaki kuwa mtovu wa shukrani. Mwaka 1929 huko Namirembe, Kampala, walikutana daktari Mwingereza, Joe Church, na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Church alirudi kwenye hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, na katika miaka ya 1930 moto ukawaka pale, ukaenea Uganda na Burundi, ukavuka mpaka ukafika kwetu, ukaingia Kenya. Wazee wetu waliuona. Watu walirudisha majembe waliyoiba. Makarani walirudisha fedha za serikali, wakaenda wenyewe kusema walivyozichukua. Mzungu na Mwafrika waliketi mkeka mmoja wakaungamiana dhambi, jambo ambalo siku zile lilikuwa kubwa kuliko miujiza mingi. Kenya, wakati wa Mau Mau katika miaka ya 1950, wapo ndugu wa Uamsho waliokataa kula kiapo na kukataa pia kubeba bunduki za serikali, na baadhi yao wakauawa. Watu kama hao walipokuuliza kama umeokoka, swali lilikuwa na uzito, kwa sababu muulizaji alikuwa amelilipia.

Tena wao wenyewe walionja kukataliwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa chuoni kwa sababu ya uamsho wao. Mimi niliyekuwa mkuu wa chuo naisoma habari hiyo kwa macho ya pande zote mbili. Najua jinsi mkuu anavyoweza kuchoshwa na vijana wanaoamka alfajiri kuhubiri. Najua pia kwamba baadhi ya vijana tunaowafukuza ndio historia inayowakumbuka, na sisi tuliofukuza tunabaki katika tanbihi.

Lakini kila moto huacha majivu, na yako makanisa yanayoyalinda majivu wakidhani ndio moto. Mjukuu wa mtu aliyerudisha jembe alirithi swali bila kurithi jembe. Swali lililokuwa la kuwaamsha waliolala likageuka la kuwakagua walioamka. Kukawa na lugha maalumu ya ushuhuda, na mpangilio wake, na mahali pa kulia. Walokole wa kwanza walisema habari za dhambi zao na damu ya Yesu. Sisi tulisema habari za ushuhuda wetu. Nikajitokeza mimi na kaunta yangu.

Wanaopenda tarehe humtaja sana John Wesley, na wana sababu. Jumatano, tarehe 24 Mei 1738, mtaa wa Aldersgate, London, yapata saa tatu kasorobo usiku, alikuwa akisikiliza utangulizi wa Luther juu ya Waraka kwa Warumi ukisomwa, akaona moyo wake umepata joto la ajabu na hakika ya kwamba dhambi zake zimeondolewa. Aliandika mwenyewe mpaka saa. Safi kabisa, safu zote zimejaa. Lakini mwaka 1766, miaka 28 baadaye, akiwa kiongozi wa maelfu, alimwandikia ndugu yake Charles barua ambayo hawaisomi kwenye mikutano. Alikiri humo kwamba hajapata kumpenda Mungu, na kwamba hana ushahidi wa ndani wa mambo yasiyoonekana zaidi ya ule wa akili ya kawaida. Wesley huyo huyo! Je, tungempeleka viti vya nyuma? Cha ajabu ni kwamba katika barua hiyo hiyo anamhimiza ndugu yake aendelee na kazi, naye mwenyewe hakushuka kwenye farasi wake. Alihubiri miaka mingine zaidi ya ishirini. Nadhani alikuwa amejua jambo ambalo wafuasi wa tarehe yake hawakulijua: kwamba joto la moyo ni zawadi, linakuja na kuondoka kama mvua, na mkulima halimi kwa kuwa leo mvua imenyesha.

Sisi Walutheri tulipaswa kujua zaidi, maana kanisa letu limezaliwa na swali hili. Luther aliingia utawani Erfurt mwaka 1505. Alifunga, alikesha, aliungama kwa saa nyingi, akitoka akakumbuka dhambi nyingine akarudi, mpaka mlezi wake Johann von Staupitz akachoka naye. Hakukosa bidii ya kujichunguza. Kujichunguza ndiko kulikokuwa kukimmaliza. Staupitz alichofanya ni kumgeuza shingo: aache kujitazama, atazame majeraha ya Kristo. Na vita ya mwaka 1517 ilianza kwa nini, kama si kwa watu waliouziwa uhakika kwa karatasi? Johann Tetzel alizunguka akiuza vyeti vya rehema, na sehemu ya fedha ikaenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Tunamcheka Tetzel madarasani mwa kipaimara. Lakini cheti chake na kaunta yangu ni vitu vya ukoo mmoja: vyote viwili ni karatasi ambayo mtu anaambiwa aishike badala ya kumshika Mungu.

Rafiki yangu Mkatoliki, mwalimu mstaafu kama mimi, hunichokoza kwamba kanisa lake liliona hatari hiyo mapema. Mtaguso wa Trento, tarehe 13 Januari 1547, uliamua kwamba hakuna awezaye kujua kwa hakika ya imani isiyoweza kukosea kwamba amepata neema. Zamani niliona hukumu hiyo kuwa giza tupu. Sasa nimeisoma vizuri zaidi, na naona inasema pia kwamba mcha Mungu asiwe na shaka juu ya rehema ya Mungu, wala stahili za Kristo. Kumbe mambo ni mawili: kutokujiamini mimi, na kutomshuku yeye. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, na suala hili la uhakika limo. Miaka 450 na kitu watu walilaaniana kwa jambo ambalo mzee wa kijijini angewaamulia jioni moja. Lakini sisi wazee wa vijijini nani anatuita Augsburg!

Namwambia rafiki yangu, hata hivyo, kwamba kwenye viti vya makanisa mengi, lake na langu, fundisho la kutojiamini limekuwa hofu ya mwaka mzima. Nimewaona akinamama walioishi kwa uadilifu miaka themanini wakifa na woga, kwa kuwa walihubiriwa ahadi kwa kunong'onezwa na tishio kwa kipaza sauti. Na penye hofu hapakosi mchuuzi. Mafuta, maji, vitambaa, chumvi, stika za kubandika kwenye gari: unanunua leo, mwezi ujao nguvu imekwisha, unanunua tena. Mwaka ule ule wa 2023 nilipogombana na wageni wangu, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, huko Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Watoto walikuwamo. Redioni nikawasikia watu wakisema ni ujinga. Mimi nimefundisha miaka 35 na sikubali. Miongoni mwao walikuwapo waliosoma. Mtu aliyefundishwa kwamba uhakika unapatikana kwa kufanya jambo moja zaidi, siku zote atapatikana wa kumtajia jambo hilo moja. Leo ni sala ya kurudia neno kwa neno. Kesho ni sadaka ya mbegu. Mwisho wa barabara hiyo ni msitu.

Nitaambiwa: Mwalimu, ukiondoa tarehe na ukaguzi, watu watalala. Kila mbatizwa atajiita mwokovu huku ana nyumba ndogo mbili na madeni matatu. Hoja hiyo ina nguvu na sitaikwepa. Ubatizo umegeuzwa na wengi kuwa sherehe ya picha na pilau. Lakini angalia dawa tuliyoichagua. Mtu mwenye nyumba ndogo mbili hashtuki ukimwuliza tarehe. Atakutajia, tena kwa machozi. Mwulize habari ya nyumba ndogo. Mtu mwenye madeni mwulize atalipa lini. Wazee wa Uamsho walifanya hivyo, walishika jembe lililoibwa. Swali la uhakika, jinsi tunavyoliuliza, humpita mnafiki bila kumgusa, likamkamata yule binti wangu mkweli na yule bibi mgonjwa. Mtihani unaofaulisha waongo na kuangusha wakweli, katika chuo chochote nilichopata kufanya kazi, ungefutwa.

Tena ni swali la mtego, na si mara ya kwanza. Mwaka 1431, kule Rouen, Ufaransa, mahakama ya kanisa ilimwuliza Jeanne d'Arc, msichana wa miaka kama 19 asiyejua kusoma, kama anajua kwamba yumo katika neema ya Mungu. Akisema ndiyo, ni mzushi mwenye kiburi. Akisema hapana, amejihukumu. Alijibu kwamba kama hayumo, anaomba Mungu amtie; na kama yumo, Mungu amhifadhi humo. Wasomi wote wale wakakosa la kusema. Walimchoma moto baadaye kwa mambo mengine, lakini kwa jibu lile hawakumpata. Tangu niisome habari hiyo nimeiona ndiyo imani ya Kikristo yote: haina hata neno moja juu ya nguvu za msemaji, na yote imewekwa mikononi mwa anayeombwa.

Halafu soma Mathayo 25. Siku ya hukumu, walio mkono wa kuume wanashangaa, hawakumbuki ni lini walimlisha Mfalme wala walimtembelea lini gerezani. Wa kushoto nao wanashangaa. Hakuna upande uliokuwa na daftari. Mwenye kumbukumbu pale ni mmoja tu, na yuko kwenye kiti cha enzi. Nabii Isaya, sura ya 49, ameuliza kama mama aweza kumsahau mtoto anyonyaye, akajibu kwamba hata yeye aweza. Nilipokuwa kijana niliona nabii ametia chumvi. Sasa nimemwona mama akimtazama mwana aliyemzaa mwenyewe na kumwuliza ametoka kwa nani. Mwana wetu yule, mtu mzima mwenye mvi, alitoka nje akasimama nyuma ya migomba muda mrefu. Nabii anaendelea kusema ni nani asiyesahau. Mimi kwa sasa sina andiko jingine la kumsomea mke wangu, na hilo nalo namsomea kwa ajili yangu.

Mchungaji wetu huleta Meza ya Bwana nyumbani kila mwezi. Hamwulizi kitu. Mwezi uliopita, kabla hajamaliza maneno, mke wangu alikwisha kufungua mikono na kuinyoosha. Nilitaka kumpigia simu yule mwinjilisti nimweleze: unaona? Nikajizuia. Pengine aliona mtu ana mkate. Nikianza kuihesabu mikono ile kuwa ushahidi, nitakuwa nimefungua daftari jingine, na safu zake nitazijaza mwenyewe.

Kijana huyo amekwisha kurudi mara mbili. Hakuna kinyongo kati yetu; ni kijana mwema, na alimletea mke wangu ndizi mbivu. Tumewekeana sharti kwamba maswali yote aniulize mimi. Mara ya pili aliniuliza kweli, barazani, mke wangu akiwa amesinzia pembeni: "Na wewe Mwalimu, una uhakika?" Nilimwambia anisogezee kile kigoda nikae vizuri, kwa kuwa jibu ni refu kidogo.